Mama Aliyekaa Eda Isiyo Yake

Akina mama wa Jumatano, mmenichosha. Sokoni mnaniuliza, mtoni mnaniuliza, hata Jumapili katikati ya matangazo mtu ananivuta leso: "Jerida, mama yuko wapi? Si ulienda kumleta?" Mlinisindikiza hadi stendi mkiimba, kwa hiyo mna haki ya kujua. Basi kaeni niwasimulie mara moja, nisirudie tena. Na pale mtakaponiona mbaya, nioneni tu. Nilikuwa na wivu tangu nilipoondoka hapa hadi niliporudi, na bado sijaumaliza.

Walioolewa huku juzi hawajui habari yangu. Mama alikwenda Mombasa nikiwa darasa la pili, baba alipofariki. Alipata kazi ya yaya Kizingo, kwenye zile nyumba kubwa zenye miti, akalea watoto wa watu wakawa watu wazima. Mimi nililelewa na nyanya. Mama alikuwa anakuja Desemba, na ikifika Januari keshaondoka. Kazi ilipokwisha akapanga chumba Majengo, akawa anauza mahamri. Mwaka jana nilimjengea chumba hapa kwangu, nikamwekea kitanda karibu na dirisha. Akakubali kuja. Halafu kila nikipiga simu: "Ngoja kwanza, mwanangu, kuna jambo la jirani." Jirani! Nikasema hapana, mtu akishindwa kuja, ataendewa.

Kutoka nyumbani hadi Nairobi

Nilimchinja yule jogoo wangu mwekundu, mnamkumbuka, aliyekuwa akimfukuza mchungaji. Nikamkausha kwa moshi mpaka akawa mkavu mzuri wa safari, nikamfunga kwa majani ya migomba, kisha gazeti, kisha mfuko. Mama hawezi kumkataa kuku wa kwao.

Basi likaharibika baada ya kupita Timboroa. Tukashushwa kwenye baridi ile ya kuuma masikio, dereva na utingo wakaingia chini ya gari, wakatoka, wakaingia tena. Wenyeji wakatuletea viazi vya kuchemsha na chai ndani ya birika. Nikakaa juu ya mzigo na mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza kama naenda kutembea.

"Siendi kutembea," nikamwambia. "Naenda kumchukua mama yangu."

"Na yeye anajua kwamba anachukuliwa?"

Nikamwambia chai imepoa. Huyo mwalimu sikumpenda tena mpaka Nairobi, ambako nililala kwa binamu yangu.

Kutoka Nairobi hadi Miritini

Kabla ya kupanda treni, abiria wanapanga mizigo yao chini kwenye mstari, kisha mbwa anapitishwa kuinusa. Mbwa akapita mizigo yote vizuri kama mkaguzi wa shule. Alipofika kwa wangu akaketi. Watu wakarudi nyuma wote, nikabaki peke yangu kama mwizi.

"Mama, umebeba nini?" askari akaniuliza.

"Jogoo."

"Mzima?"

"Angekuwa mzima angempiga mbwa wako."

Akafungua gazeti, akafungua majani, harufu ya moshi ikatoka, na askari mwenyewe akameza mate. Wakanicheka mpaka nikacheka.

Lakini ndani ya treni sikucheka. Mbele yangu alikaa msichana mwenye mtoto mchanga, na pembeni yake mama yake mzazi. Mtoto akilia, bibi ananyoosha mikono. Msichana akisinzia, bibi anamfunika shuka mgongoni. Akamenya chungwa, akatoa mbegu, akamlisha binti yake mkubwa mzima na nywele zake za kusukwa. Nikageukia dirisha nikaangalia Tsavo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza mama alinitumia nguo za mtoto, nzuri sana, zilizowabana wale watoto wa Kizingo walipokua. Mume wangu alipofariki alikuja akakaa siku tatu, akarudi kwa wenye kazi. Sikuwahi kumlaumu kwa mdomo. Bibi yule akanipa nusu ya chungwa, nikakataa, kisha nikaona haya nikalipokea.

Majengo

Miritini, stesheni ya Mombasa, joto lilinipokea kabla ya mtu. Mwenye tuktuk, mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, alinisalimia mimi, akaniulizia watoto, akaniulizia mvua ya bara, ndipo akauliza naenda wapi. Nikamwambia Majengo, nikamtajia msikiti ulio karibu na mama.

Chumba cha mama kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Nimesafiri siku mbili, kuku begani, nasimama mbele ya kufuli! Mama mmoja aliyekuwa akiuza mbaazi barazani akaniangalia sana, akaweka upawa chini.

"Ewe, usiniambie. Wewe ndiye Jerida?"

"Umenijuaje?"

"Hilo paji la uso si la mamako? Ndoo ukae. Jerida wa Mama Jerida! Enyi, njooni mumuone Jerida mwenyewe!"

Wakatoka wanawake watatu kunitazama, utadhani nimetoka ng'ambo. Huyu muuza mbaazi jina lake Mama Rukia. Alinikalisha, akanipa sahani ya mbaazi za nazi na mahamri mawili, akakataa kuniambia lolote mpaka nile. Nilipomaliza ndipo akasema, "Mamako hayupo hapa. Yuko Mji wa Kale, kwa Bi Zuhura. Bibi yule kafiwa na mumewe, yuko edani, na mamako kahamia kwake kumtazama."

Mimi mtu wa bara, eda nilikuwa nikiisikia tu. Mama Rukia akanieleza: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki kutembea, hajipambi, hajitii manukato, wala hakai na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio jamaa wa karibu wasioweza kumwoa. Sasa lazima awepo mtu wa kumwendea sokoni, kumchukulia dawa, kumjibia hodi.

"Hana watoto?"

"Anao wanne, wote wako Maskati. Walikuja matangani, wakarudi makazini."

"Na huyo Bi Zuhura ni rafiki ya mama?"

Wanawake wakaangaliana. Mmoja akaguna. Mama Rukia akakoroga mbaazi zake. "Rafiki! Mamako alipokuwa akitembeza mahamri Ndia Kuu, Bi Zuhura ndiye aliyesimama dirishani akawaambia watu wasinunue. Eti sufuria za watu wa bara hazijulikani zimepikiwa nini. Mji wa Kale wote ulisikia. Mamako akarudi na kapu limejaa, tukayala sisi hapa. Sasa yeye ndiye ampikiaye."

Wivu, jamani, ni mdudu. Ulinipanda tumboni pale pale, pamoja na mbaazi. Ningeambiwa mama yuko kwa mtu aliyemtendea wema, ningevumilia. Lakini huyu? Miezi minne na siku kumi! Nilipofiwa mimi nilipewa siku tatu.

Ndia Kuu

Nyumba ya Bi Zuhura iko kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, nyuma ya maduka ya vinyago. Nilipiga hodi nikasikia kandambili zikishuka ngazi, nikazijua. Mama alifungua mlango akiwa na kitambaa cha jikoni begani, ananukia iliki. Alipiga kelele, akanikumbatia, akanipokea mzigo. Akanikumbatia tena. Kisha akasema, "Panda, panda, nina uji jikoni." Nikasema moyoni, haya, hata kunikumbatia kuna mwisho, kwa sababu ya uji.

Mlangoni mwa jiko akasimama ghafla, akanusa. "Huyo ni jogoo?"

"Wa kwetu," nikasema kwa fahari. "Mwekundu."

"Kachinjwa na nani?"

"Na mimi."

Uso ukambadilika. "Basi hawezi kuingia humu, mwanangu. Hapa haliwi asiyechinjwa na Mwislamu. Hata kwenye sufuria zao asiguse." Akamchukua jogoo wangu, akamtundika nje kwenye msumari wa ngazi. Mlango wa nyumba ambamo mama aliwahi kutukaniwa sufuria zake, sasa yeye ndiye anayeulinda, na anamzuia nani? Mimi na kuku wangu.

Hapo sauti ikatoka chumbani, nyembamba na kali: "Mama Jerida! Uji wanukia kuungua!"

"Labeka, Bi Zuhura!" Mama akakimbia.

Labeka. Sijawahi kuitikiwa hivyo na mama yangu, na nimemwita miaka mingi.

Bi Zuhura alikuwa ameketi kitandani, kajifunga leso nyeupe isiyo na urembo, masikio matupu bila vipuli. Nikampa shikamoo. Akaniangalia juu mpaka chini. "Marahaba. Ndiye Jerida? Mfupi kuliko nilivyodhani." Kisha akamwambia mama uji hauna ndimu ya kutosha.

Nilikaa hapo tangu Alhamisi, nikamtazama mama. Alfajiri, adhana ikilia, mama anaamka anampashia Bi Zuhura maji ya udhu, kwa sababu aliyekuwa akimwamsha ni marehemu. Akishamaliza kumwamsha, anakwenda chumba cha pili kupiga magoti yake mwenyewe. Kisha sokoni. Kisha dawa. Wanaume wakija kwa habari za duka la marehemu, mama anasimama chini mlangoni, anapanda kupeleka maneno, anashuka na jibu, anapanda tena, na magoti yake yale. Bi Zuhura hasemi ahsante. Husema, "Umechelewa."

Majengo tena, na kuku

Jumapili tulipotoka kanisani, mama akaniambia, "Twende chumbani kwangu tumle jogoo wako." Mniamini, hiyo ndiyo saa niliyokuwa nimeisafiria. Alifungua kufuli, akawasha jiko la makaa, akamkata yule kuku, akampika kwa mchuzi wa kwetu, akasonga ugali. Tulikaa chini, sufuria katikati, sisi wawili tu. Akanipa firigisi. Kwa muda nikawa mtu mwenye mama.

Nikamwambia, "Mama, kitanda kiko tayari. Twende Jumatano."

"Bado miezi miwili eda iishe."

"Mama, yule mwanamke hakupendi! Akupendaye mpende, asiyekupenda wa nini?"

"Hiyo ni ya kanga, mwanangu," akasema, akinyonya mfupa. "Si ya Yesu."

"Amewahi kukuomba radhi?"

"Hapana."

"Na wewe wangoja aombe?"

"Ningengoja, angekunywa uji lini?" Akafuta mkono. "Jerida, mimi nilisimama mlangoni pake siku ya maiti kutoa pole, nikarudi zangu. Nikafika kona ya Ndia Kuu nikajiuliza, kesho nani atamnunulia samaki? Nilijua hayupo. Sasa ningejifanya sijui? Msalabani sikuulizwa nilikuwa mwema kiasi gani."

Ninyi mnajua nani huwafundisha somo la upendo siku za Jumatano. Ni mimi. Nalijua lote. Lakini pale kwenye sufuria somo likanitoka, nikalia kama mtoto.

"Watoto wa Kizingo uliwapa. Bi Zuhura unampa. Mimi je? Nilipofiwa ulinipa siku tatu! Mimi ndiye sikustahili?"

Nje Mama Rukia alikuwa akigombana na mteja. Mama akasema polepole, "Mtu mwingine inabidi niamue kumpenda. Kila asubuhi naamka naamua upya, maana Bi Zuhura ni mgumu, Mungu anisamehe. Wewe sijawahi kuamua. Wewe upo tu, kama mkono wangu."

"Basi na mimi niamuliwe, mama! Hata siku moja!"

Mama alikusanya mifupa, akaosha sufuria, tukarudi Mji wa Kale kwa miguu, kila mtu na upande wake wa njia.

Kwa Bi Zuhura, mlango umefungwa

Kesho yake mama alipokwenda sokoni, Bi Zuhura akaniita. "Funga mlango. Mamako jana karudi na macho mekundu. Mchukue, uende naye."

Nilitegemea vita. "Na wewe, Bi?"

"Nina jamaa. Watakuja." Alikuwa akitazama ukuta alipousema uongo huo. "Mimi nimemwambia aende si mara moja. Hasikii, kichwa kigumu. Wajua nilimtenda nini?"

"Najua. Sufuria."

"Nilisema mbele za watu. Tangu aingie humu nangoja na yeye aniambie neno. Moja tu, tulingane. Hasemi! Nikamuuliza, wataka nini kwangu? Akanambia, leo nataka unywe uji. Yaniuma kuliko angenitukana." Akajifunika leso mdomoni. "Na wewe wanionea wivu. Naona jicho lako."

"Nakuonea, Bi. Kweli kabisa."

"Wanionea kwa uji? Miye jina la mamako la kanisani silijui hata leo. Ndia Kuu hii, mwenye nyama, mwenye samaki, mwenye dawa, wote wamjua kwa jina lako. Nimezaa wanne, na hapa mtaani naitwa Bi Zuhura."

Nikatazama sakafu. Nilikuwa nimeshinda, mnaelewa? Ruhusa nimepewa na mwenye nyumba mwenyewe. Ningesubiri tu mama apande ngazi na kapu lake, nimwambie, kakuachilia, funga mzigo. Nikamtazama yule bibi, masikio matupu, chupa ya dawa kando, nikaona kesho yake ya samaki asiyenunuliwa. Na nikajua, kama alivyojua mama pale kona. Nilichukia kujua.

"Atakaa mpaka utoke eda," nikasema. Sikulisema kwa utamu. Nililisema kama mtu anayemeza kwinini.

Bi Zuhura akaniangalia. "Mfupi, lakini si mdogo," akasema. Kisha akasema mama amechelewa.

Kurudi

Siku ya kuondoka niliamka nikakuta uji wa Bi Zuhura umekwisha pikwa, umefunikwa, dawa zimepangwa kwenye kisahani. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi na kitana na chupa ya mafuta. "Njoo," akasema. "Kaa hapa chini."

Nikakaa katikati ya magoti yake, mjane mzima mwenye watoto sekondari, mama akaanza kunisuka. Alisuka taratibu, mistari myembamba, ile inayochukua asubuhi nzima. Jua likapanda ukutani. Juu, sauti ile nyembamba ikaita: "Mama Jerida!"

Nikahisi mikono imesimama kichwani mwangu. Nikangoja labeka.

"Niko na mwanangu, Bi Zuhura," mama akajibu. "Ngoja."

Mikono ikaendelea. Nililia na sikumficha, na yeye hakuniambia ninyamaze, aliniambia tu nisitikise kichwa.

Ndiyo maana mliniona nimerudi peke yangu na nywele nzuri. Mlisifu nywele, mkauliza mama yuko wapi, nikawakata maneno.

Sasa eda imekwisha. Mama alipiga simu juzi. Anakuja Jumamosi, amefunga vitu vyake vyote. Nikapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akasema, "Nakuja na Bi Zuhura. Anataka kupumua hewa nyingine. Hajawahi kuona chai ikiwa shambani."

Haya, chekeni. Na mimi kwanza nilikata simu, nikajifanya mtandao ni mbaya, kisha nikampigia. Kwa hiyo mnaotaka kusaidia: nahitaji sufuria mpya ambayo haijapikiwa kitu, kuku nitampeleka kwa Mzee Juma wa duka la pale sokoni amchinje yeye, na mwenye ndimu alete, maana huyo bibi uji wake una masharti. Akiwaambia mmechelewa, msikasirike. Ndiyo salamu yake.

Jana nilitandika. Kile kitanda cha dirishani nilichomtengenezea mama, chenye godoro jipya na neti, nimempa Bi Zuhura. Moyo uliniuma nikikunja shuka, nisiwadanganye. Mama atalala kwangu, kitanda kimoja na mimi, upande wa ukutani, kama nilivyokuwa nikimwomba kila Desemba.